Msafiri Aliyeuza Upanga

Ukimpelekea Zainab kifungo kimoja kilichong'oka kwenye koti la zamani, hakitazami mara mbili. Anakiviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, anageuka, anavuta droo moja kati ya mia moja na kumi zilizojaa ukuta mzima, kisha anakuwekea ndugu zake watano juu ya kaunta. Mafundi cherehani wa Ngara husema macho yake yako vidoleni. Akiwasikia huwajibu, "Macho yangu yapo mahali pake, na yanakuona unavyotaka kuondoka na lesi usiyonipa nikaipima."

Alizaliwa ghorofani, vyumba viwili juu ya duka hilo hilo la vifungo, zipu na nyuzi alilolifungua baba yake alipokuja kutoka Mombasa. Alipomaliza kidato cha nne alishuka ngazi kumsaidia baba kwa wiki moja tu, kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yameanza kufifia. Wiki hiyo sasa ina miaka thelathini na moja. Aliolewa, akazaa mabinti wawili, akamzika baba, akamzika mama, na kila asubuhi alishuka ngazi zile zile akisoma dua yake ya kufungua mlango.

Baadaye alishuka pia Naeem, mdogo wake, Mwenyezi Mungu amrehemu. Naeem alipewa upande wa zipu. Nyuma ya zipu, juu ya rafu ambayo ingetosha maboksi kumi ya uzi, aliweka televisheni ndogo na mashine ya gemu.

"Hiyo rafu inakula kodi bure," Zainab alimwambia.

"Kuna mtu anakaa pale, dada," Naeem alijibu. "Usimfukuze."

Huyo mtu alikuwa msafiri. Gemu yenyewe watu wa Ngara waliiita Nchi Tisa: mambo ya mazimwi na panga, na falme ambazo hazijawahi kuwapo duniani. Unakuwa msafiri, unampa jina, unavuka nchi baada ya nchi ukisalimiana na watu, ukiwatatulia shida zao na kupigana inapobidi. Zilikuwa zimetoka nne za mfululizo huo. Aliyoipenda Naeem ni ya tatu, ya zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Ya tatu haina ramani. Ukitaka kwenda mahali lazima uwaulize watu waliomo humo, na baadhi yao ni waongo. Kwa hiyo Naeem alikuwa na daftari. Upande mmoja aliandika zipu zilizokwisha, upande wa pili njia za Nchi Tisa.

Jumamosi alasiri, wateja walipopungua, mashabiki wenzake walikuja kuegemea kaunta. Wawili hawakukosa. Odero alikuwa mchapishaji wa kadi za harusi, ofisi yake iko jengo la pili. Becky aliuza dawa kwenye duka la kona na alikuja bado amevaa koti lake jeupe.

"Ya nne ni kubwa mara kumi," Odero angeanza. "Na hupotei. Kuna mshale. Hiyo mshale inakufikisha mpaka mlangoni."

"Basi hiyo si safari," Naeem angesema. "Hiyo ni kutumwa dukani."

"Lakini ya nne ni poa, buda. Hata nywele za farasi unaziona moja moja!"

"Nani alikuja kuangalia nywele za farasi?" Becky angeuliza, na hapo kelele zingeanza, mpaka Zainab apige kaunta kwa rula ya kupimia lesi.

Hakuwahi kugusa ile gemu hata siku moja. Lakini kwa miaka yote hiyo aliisikia akipanga vifungo, na angeweza kukuelekeza kutoka Nchi ya Kwanza hadi ya Nane bila kukosea kona.

Ugomvi mkubwa kuliko yote ulihusu bawabu. Nchi ya Tisa ina lango, na langoni amesimama bawabu mwenye shoka. Watu wote walipita kwa kumpiga kwa Upanga wa Radi. Naeem peke yake alikataa.

"Yule hana ugomvi," alisema. "Ana njaa. Hakuna nyumba pale, hakuna jiko, hakuna moshi. Na mtazameni vizuri: ukimkaribia anatazama mkoba wako, hatazami mkono wenye upanga."

"Siku bawabu amfungulie mtu hana upanga," Odero akasema, "mimi nitashinda kwa hii kaunta Jumamosi mzima nikiuza vifungo. Na nimejifunga leso ya Anti Zai!"

Naeem aliyaandika maneno hayo kwenye daftari, akamtaka atie sahihi, Becky akawa shahidi.

Lakini mwenyewe hakujaribu. Katika gemu ya tatu, msafiri anayeuawa langoni hufutika kabisa, na gemu hiyo haikubali kunakiliwa ukawa na akiba. Msafiri wake alikuwa na umri wa miaka kumi na saba na aliitwa jina lake, NAEEM. Kila alipoulizwa alisema, "Bado."

Mwaka jana, katika mwezi wa Shaabani, moyo wake ulisimama. Alhamisi alikuwa akipanga zipu, Ijumaa akazikwa baada ya swala. Hapa pana mengi ya kusema na yote anayajua Mwenyezi Mungu.

Katika familia ile vitu vya maiti havikai. Hutolewa sadaka ili thawabu zimfuate mwenyewe, na Zainab aliona akichelewa hataweza. Alivipanga kama anavyopanga bidhaa: shati na shati, kiatu na kiatu. Kisha akaichomoa mashine ya gemu, akaikunjia waya zake vizuri, akaitia kwenye boksi la mashati na kumpa Nyawira, fundi cherehani wa Kabiria aliyekuwa mteja wao tangu enzi za baba. Televisheni hakuitoa. Aliifunika kitambaa cheupe cha lesi, na kila asubuhi aliipangusa vumbi na kuisalimu kimoyomoyo.

Ikapita miezi minane. Odero na Becky waliendelea kuja Jumamosi, ingawa walizungumza kwa sauti ndogo. Zainab hakuipenda ile sauti ndogo. Alikaa na rula yake mkononi, hana wa kumpigia.

Ndipo Jumamosi moja Becky akaingia mbio, simu mkononi, akimpita mteja aliyekuwa akichagua elastiki.

"Wametangaza! Ya tano inakuja!"

Odero alifika nyuma yake akihema. "Na wameondoa mshale! Anti, wameondoa mshale! Watu watarudi kuulizana njia kama wazee."

"Si ulikuwa unalia mshale iwe kubwa?" Becky akamwuliza.

"Mtu anaweza kukomaa, Becky."

Walimwonyesha Zainab kionjo cha gemu hiyo: milima, soko, watu wanaopita na vikapu. Ya tano ilikuwa na ukubwa wa ile ya nne, wakasema, na roho ya ile ya tatu. Odero alikuwa na wasiwasi kwamba soko lilikuwa safi mno. Kisha Becky akafika kwenye jambo lililomleta mbio.

"Sikiza hii, Anti. Ukimaliza ile ya tatu, ukifika Nchi ya Tisa, gemu ilikuwa inakupea herufi kumi na mbili. Hakuna mtu alijua ni za nini. Sasa wamesema: ukiziandika kwa gemu ya tano, yule msafiri wako atakuwa mwenyeji huko. Na jina lake. Mtu yeyote akicheza, popote duniani, anaweza kumpata sokoni amsalimie."

Zainab aliweka rula chini. "Yaani Naeem?"

"Naeem. Lakini lazima kwanza afike lile lango, apite."

"Basi mpelekeni! Tangu lini mnangoja ruhusa yangu?" Akaenda kwenye rafu, na kwa fahari ya mtu aliyetunza amana akakivuta kile kitambaa cha lesi. "Huyu hapa. Nampangusa kila siku."

Odero na Becky walitazamana. Mteja wa elastiki naye alitazama.

"Anti," Odero akasema polepole, "hiyo ni televisheni. Msafiri huwa kwa mashine."

"Nimemwona humu miaka yote!"

"Unamwona hapo, lakini anakaa kwa mashine. Kuna kadi ndani yake. Mashine iko wapi?"

Zainab alikaa juu ya boksi la uzi. Alikuwa amemtoa msafiri wa ndugu yake pamoja na mashati.

Jambo hilo lilimchoma mara mbili, kwa sababu anayejua dini anajua: ukishatoa sadaka, usiirudie. Ni jambo baya mno. Baada ya swala ya alasiri alimwendea Maalim Ridhaa, aliyewafundisha watoto wa mtaa Kurani, akamweleza yote, na bawabu akiwemo.

Maalim alisikiliza hadi mwisho. "Sadaka hairudi, Bi Zainab. Mashine ni yao."

"Najua, Maalim."

"Lakini kwenda kumjulia mtu hali si kurudia sadaka. Na ukiomba kutazama, utakuwa umetazama tu. Dua zako ndizo zinazomfikia Naeem. Hilo la gemu linakufikia wewe, na sioni ubaya wake." Akakuna ndevu. "Huyo bawabu hana jiko kabisa?"

"Hana hata fuko la chumvi, Maalim."

"Basi marehemu alikuwa na hoja."

Nyawira alipopigiwa simu alisema mashine iko kwa baba yake, Mutuini. Mzee Ephantus alipasuliwa goti, akawa hana la kufanya ila kugombana na redio, ndipo akampelekea. Kwa hiyo Jumapili, watu wa Mutuini walipokuwa wametoka kanisani, Zainab alifika huko na halua, daftari la Naeem, Odero na Becky.

Mzee Ephantus aliwapokea getini akiwa amevaa suti ya kanisani na gambuti. Alikuwa na ng'ombe wawili, kipande cha shamba la viazi na vyumba sita vya kupangisha, na fimbo aliyoitumia zaidi kuonyeshea vitu kuliko kutembelea.

"Karibu mama, karibu. Nyawira ameniambia. Kunyweni chai kwanza. Huyo mtu haendi popote, yuko na kazi."

Mzee alipowasha mashine, Zainab alimwona msafiri. Alikuwa yule yule wa rafuni, kofia yake ya kijani, jina NAEEM chini yake. Ila hakuwa njiani tena. Alisimama katikati ya mizinga ya nyuki, mingi, imepangwa mistari kama mbegu.

"Arobaini na mbili," Mzee Ephantus akasema. "Nilianza na mitatu."

Odero alisogeza uso mpaka karibu na kioo. "Mzee. Upanga iko wapi?"

"Gani?"

"Upanga wa Radi! Alikuwa nayo mgongoni!"

"Ah, ile. Niliuza. Mimi sijui kupigana, kijana. Nilimkuta amesimama tu barabarani na hiyo panga. Nikaona kuna mwanamume anauza mizinga. Nikasema huyu mtu lazima apate kazi."

"Umeuza Upanga wa Radi?"

"Ilikuwa nzito, na haikati nyasi."

Becky alicheka mpaka chai ikamwingia puani. Zainab naye alicheka, na kicheko hicho kilimshangaza, maana kilitoka kikubwa, cha zamani.

"Jioni nikizima," mzee aliendelea, "namwambia, Naeem, lala salama. Nilidhani ni jina waliweka wenye gemu. Nyawira ndiye ameniambia ni mtu. Pole sana, mama. Ningejua ningeuliza kwanza kabla ya kuuza mali yake."

"Umemtunza, Mzee," Zainab akasema. "Asante."

Akaeleza habari ya lango na zile herufi. Mzee alisema mashine ni yao wote siku hiyo. Lakini Odero, aliyekuwa ametetea vita miaka yote, alinywea ghafla.

"Anti, tumwache hapa. Ana mizinga, ana afya. Akienda pale bila upanga apigwe, anafutika. Jina, miaka kumi na saba, kila kitu. Hatutakuwa na kitu ya kuangalia tena."

Becky hakumcheka.

Zainab alifungua daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na njia ya kwenda langoni kwa mwandiko wa Naeem uliolala upande, na chini yake mstari mmoja: *Bila upanga. Apelekewe chakula. Bado.*

Wakati wa alasiri ulikuwa umeingia. Mzee Ephantus alisukuma meza mwenyewe, akatoa shuka safi, akauliza upande gani, akanyamazisha ng'ombe kwa kuwatupia majani. Zainab aliswali. Sijida yake ya mwisho ilikuwa ndefu. Alipomaliza alikunja shuka pembe kwa pembe, akairudisha, akakaa kando ya mzee.

"Mpeleke," akasema. "Asali umeibeba?"

"Mitungi kumi."

"Haya. Toka kisimani. Muulize mwanamke anayefua, usimuulize yule mwanamume aliyekaa. Huyo mwongo."

Mzee aliendesha msafiri kama mtu anayeendesha mkokoteni wa mayai. Alimsalimu kila aliyepita. Odero aliuma kola ya shati lake. Zainab alisoma, na mahali pengine hakusoma, alisema tu, kwa sababu njia ilikuwa kichwani: pita mti uliopigwa na radi, usivuke daraja jipya, vuka la zamani. Kisha nyumba zikaisha, miti ikaisha, na lango likatokea. Bawabu aliinua shoka.

"Sasa nifanye nini?" mzee akauliza, sauti imepanda.

"Mkoba," Zainab akasema. "Fungua mkoba. Mpe."

"Wote ama mmoja?"

"Mzee, si wakati wa kupima!" Becky akapiga kelele. "Mpe!"

Mzee alimpa mitungi yote kumi. Shoka lilibaki juu. Zainab alihesabu pumzi zake, moja, mbili, tatu. Kisha bawabu alilaza shoka chini, akaketi kwenye jiwe kama mtu aliyesimama miaka ishirini, akatumbukiza mkono mtungini, akala. Aliumaliza mtungi wote, huku watu wanne wakimtazama bila kupepesa. Alilamba vidole. Akanyanyuka, akafungua lango, akasogea kando.

"Ngai!" mzee akasema.

Odero aliweka mikono kichwani. "Naeem, buda," akasema, akatoka nje kwenda kutazama ng'ombe kwa muda.

Herufi kumi na mbili zilitokea. Zainab aliziandika kwa penseli nyuma ya kadi ya vifungo aliyoikuta mkobani, Becky akazipiga picha, mzee akadai zisomwe tena taratibu ahakikishe. Ndipo akauliza kwa huzuni kidogo kuhusu nyuki wake, maana safari ilikuwa imekwisha na kioo kilimwuliza kama anataka kuanza upya.

"Anza, Mzee," Zainab akasema. "Njia nitakuletea." Na Odero, alipotulia, alijitolea kulichapa daftari zima, alitie jalada gumu lenye maua ya dhahabu, kwa sababu karatasi aliyobaki nayo ilikuwa ya harusi.

Jumamosi iliyofuata mafundi wa Ngara walikuta mwanamume mrefu nyuma ya kaunta, amejifunga leso nyekundu kiunoni, jasho linamtoka. Droo kumi na moja zilikuwa wazi na alikuwa bado hajapata ndugu wa kifungo kimoja cha kahawia.

"Huyu ni nani?" mteja mmoja akauliza.

"Analipa ahadi," Zainab akajibu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Naeem, upande wa zipu. Kadi yenye herufi ilikuwa imeegeshwa kwenye televisheni, na kitambaa cha lesi kilikuwa kimeuzwa asubuhi ile ile kwa mita.

"Bado nasema soko ya gemu ya tano ni safi sana," Odero akanung'unika kutoka kwenye droo.

"Subiri watu waingie," Becky akamwambia. "Itachafuka."

"Anti, ikitoka utacheza?" Odero akauliza.

Zainab alikipokea kile kifungo cha kahawia, akakiviringisha kati ya vidole.

"Nitacheza. Hakuna mshale, si ndivyo? Basi nitaingia nipotee, nimtafute mtu mmoja sokoni nimwulize njia." Akamrudishia kifungo. "Droo ya sitini na mbili. Na ukimaliza, funga hizo nyingine, mteja anangoja."